Saa ya Kwetu, Saa ya Kule

Ujumbe wa msiba ulinikuta jikoni nikichambua mchicha. Kundi letu la simu, la watu tuliowahi kufanya kazi yadi moja Tunduma, kwa kawaida ni la picha za maua na "amkeni salama", na mimi huwa silifungui mpaka lijae. Siku hiyo nililifungua. Mtu ameandika kwamba Maduhu hatunaye, ameugua muda mfupi, amezikwa juzi kwao Ivuna. Chini yake watu wamepanga mikono ya kusali. Niliandika poleni, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Mume wangu aliuliza ni nani, nikamjibu ni mtu niliyefanya naye kazi zamani, na hilo ni kweli, ila ipo namna ya kusema kweli ambayo mtu anajua moyoni kuwa anaficha. Maduhu nilimwita mwizi. Sikumwita kwa kelele; nilimwita kwa karatasi iliyochapwa vizuri, yenye mistari na saa, na karatasi ya namna hiyo watu huiamini haraka.

Mwaka ule mkoa wa Songwe ulikuwa bado haujazaliwa, sisi wa Tunduma tulihesabika Mbeya. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Sogea, ukuta mmoja na mama mmoja muuza vitenge aliyevuka mpaka kila siku, na asubuhi nilikuwa namsikia akigombana na mumewe kuhusu saa. Mume anasema umechelewa, mke anasema kule bado hawajafungua. Wote wawili walikuwa sawa, maana Nakonde, upande wa Zambia, wako nyuma yetu kwa saa nzima, na Nakonde yenyewe ni kuvuka barabara tu. Mji mzima uliishi hivyo. Ukimwambia mtu tukutane saa nne, anakuuliza, ya kwetu au ya kule? Simu ndizo zilikuwa na vituko zaidi. Ukiisogeza karibu na mpaka inakamata mtandao wa kule, inajirudisha nyuma saa moja yenyewe bila kukuuliza, halafu ukirudi mtaa wa pili inajirekebisha. Jambo hilo alilijua hata muuza karanga. Nililijua na mimi, haki ya Mungu nililijua, na ndiyo maana naona aibu kulieleza.

Kazi yangu ilikuwa kompyuta za yadi. Yadi ilikuwa ya kampuni moja binafsi, malori yanaingia na konteina zao, yanasubiri karatasi za forodha, zikikamilika yanatoka kwenda mpakani. Zamani yote hayo yaliandikwa kwenye kaunta buku pale getini. Mimi nilipokuja, kaunta buku likastaafishwa. Karani wa geti anatazama saa ya ukutani, anaandika kwenye kompyuta namba ya lori na saa lilipoingia au kutoka, na maandishi yale yanaingia kwenye seva iliyokuwa chumbani kwangu, kwenye kijichumba chenye dirisha moja linalotazama mpakani. Makao makuu Dar walikuwa na seva yao, nayo ilibidi iwe na kila kitu kilichomo kwenye yetu. Haikuwa kutuma faili zima kila jioni. Kila badiliko dogo lilisafiri peke yake kama ujumbe mfupi: kwenye orodha ya malori, mstari huu umeongezwa. Mwisho wa ujumbe seva yetu inapiga muhuri wa saa yake, kwamba jambo hili nimelipokea na kulikubali saa fulani. Seva ya Dar inasoma ujumbe, inarudia kilekile kwake, na kutunza ule muhuri. Kwa hiyo kila lori lilikuwa na saa mbili, saa aliyoiandika karani kwa mkono wake, na saa ya muhuri iliyopigwa na mashine. Zilipaswa kupishana kwa dakika moja au mbili, muda wa mtu kuandika na kubonyeza. Aliyetengeneza mpango ule wa nakala alikuwa dada mmoja wa Dar, Rehema, ambaye sikuwahi kuonana naye uso kwa uso, ila sauti yake naijua mpaka leo.

Sasa niseme jinsi nilivyo. Mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua mkaa nainua gunia nione chini kumewekwa nini. Nikisikia watu wamenyamaza ninapoingia, najua walikuwa wananisema. Kazini nilijiona nafaa kwa ajili hiyohiyo, nikajiwekea kidaftari cha kuandika nani kachelewa, nani kaongea na dereva gani kwa muda mrefu, nani simu yake inaita sana. Hakuna aliyenituma. Makarani wa geti walikuwa wawili. Asubuhi mpaka saa kumi alikuwa Maduhu, kuanzia saa kumi alikuwa Ambokile. Wote wawili walitumia jina moja la kuingilia kwenye kompyuta na neno la siri moja, lililoandikwa kwa kalamu kwenye ubao wa meza, kwa sababu nilipowapa kila mtu la kwake walisahau wiki hiyohiyo na malori yakapanga foleni mpaka barabarani, bosi akafoka, nikaacha. Ukitaka kujua nani kaandika mstari fulani, unatazama saa. Kabla ya saa kumi ni Maduhu, baada ya saa kumi ni Ambokile.

Ambokile alikuwa mtu wa kwetu Ileje, wa Ikinga. Tulizungumza Kindali mezani, na mchana tulikula pamoja kwa Mama Chola, Mnamwanga mmoja aliyepika nyuma ya yadi, ugali na samaki mbasa wa kuchoma na kisamvu chenye karanga. Ambokile alikuwa na maneno. Alimtania Mama Chola kwamba mbasa wake ni wadogo kwa sababu wanalipa ushuru mara mbili, na sisi tunacheka mpaka madereva meza ya pili wanacheka. Maduhu hakuja kwa Mama Chola. Yeye alibeba chakula chake kwenye kibakuli cha plastiki, viazi vitamu au michembe, viazi vilivyokaushwa, akala palepale getini akiwa ameligeuzia geti nusu mgongo. Alikuwa Msukuma wa kule bondeni Momba, watu waliohamia na ng'ombe wao, mkewe alikuwa amejifungua miezi michache nyuma. Mkiamkiana anajibu, "Salama, dada Tupoki," basi. Kwangu mimi mtu mkimya ni mtu anayehesabu. Kidaftari changu kilikuwa na kurasa nne za Maduhu, na za Ambokile nusu ukurasa, tena nyingi zilikuwa vichekesho vyake nilivyotaka kuvikumbuka.

Mwezi wa masika likaondoka lori la matairi. Karatasi zake za forodha zilikuwa hazijatoka, lilitakiwa lisubiri, na mtu akalifungulia geti. Siku tatu baadaye lilikutwa upande wa kule, limeegeshwa nyuma ya kituo cha mafuta, sili ya konteina imekatwa na matairi hayamo. Dar wakamtuma Bwana Shabani, mkaguzi, mtu mzima wa makamo mwenye shati jeupe aliyekifuta kiti kwa leso kabla hajakaa. Alinikuta chumbani kwangu akasema, "Binti, nataka kujua lile lori limetoka saa ngapi. Sitaki la mtu, nataka la mashine." Nilifurahi. Ninaandika haya nikiwa mtu mzima na ninaikumbuka ile furaha ya kipumbavu kifuani, kwamba hatimaye mtu ameniuliza.

Nikafungua nakala ya Dar, kwa sababu ndiyo iliyoaminika kuwa haiguswi na mtu wa Tunduma. Lori lilikuwapo. Saa iliyoandikwa na karani, saa kumi na dakika kumi jioni. Saa ya muhuri, saa tisa na dakika kumi na moja. Nilitazama mara mbili. Karani ameandika kwamba lori limetoka saa kumi na kumi, na seva inasema maandishi hayo iliyapokea saa nzima kabla ya hapo. Hakuna mtu anayeandika jambo kabla halijatokea, isipokuwa anataka lionekane limetokea wakati mwingine. Na nani alikuwa getini saa tisa na dakika kumi na moja? Maduhu. Nikajiambia, ametoa lori ndani ya zamu yake, akaandika saa ya zamu ya mwenzake ili amwangushie. Nilihisi joto la mtu aliyekuwa anajua siku zote.

Bwana Shabani alikuwa mwangalifu kuliko mimi, aliniambia nitazame kama karani huyo amewahi kufanya hivyo siku nyingine. Nikatafuta mistari ya asubuhi, ya Maduhu. Jumatatu, lori la kwanza, karani kaandika saa tatu, muhuri unasema saa mbili. Lori la pili vilevile. Jumanne vilevile, kila lori, saa moja mbele ya muhuri. Mtu mwenye akili timamu hapo angesimama ajiulize, mtu gani anadanganya saa kwa kila lori, hata yale ya halali, na anadanganya kwa saa moja tu kila mara? Mimi nilijiuliza, na jibu nikalipata papo hapo: anatuzoesha. Anaiweka saa mbele kila siku ili siku ya siku isionekane ngeni. Niliona ni ujanja mkubwa nikamwonea hata wivu kidogo. Ya jioni sikuyatazama. Sikuona haja, ya jioni yalikuwa ya Ambokile.

Nilichapa kurasa mbili. Maduhu akaitwa ofisini, na Ambokile naye. Ambokile aliongea sana. Alieleza kwamba aliposhika zamu lori halikuwapo, akadhani limetolewa kihalali, na sasa anaona mwenzake alitaka kummaliza, na alipofika hapo sauti ikamkatika, mimi nikamwonea huruma. Maduhu aliziangalia zile karatasi, akazigeuza, akaangalia nyuma yake ambako hakukuwa na kitu. Bwana Shabani akamuuliza ana nini cha kusema. Alisema, "Mimi nilikabidhi saa kumi. Lori lilikuwepo." Akaulizwa, na hizi saa je? Akasema saa hizo hazijui, aulizwe mwenye mashine. Akanitazama. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu nikatazama kalamu. Akasimamishwa kazi siku ileile, akaambiwa asubiri kwao, jalada likikamilika atakabidhiwa polisi. Aliondoka na kibakuli chake chini ya kwapa.

Mchana nilikwenda kula. Mama Chola aliniwekea ugali akaniambia, bila kunitazama, kwamba yule kijana wa Kisukuma alimchotea maji kila asubuhi toka aanze kazi, na hakuwahi kuchukua hata kipande cha samaki. Niliona anatetea tu. Ambokile aliniegemea akaniambia kwa Kindali kwamba nimefanya kazi ya kiume, na kwamba mashine haina ndugu. Nikacheka. Usiku nililala vizuri kabisa, hilo nalo nalisema.

Siku zikaenda. Bwana Shabani alikuwa amekwenda Dar akaja tena Tunduma, akataka mwezi mzima uchapwe, malori yote, zamu zote, ili polisi wasimrudishe kwa kukosa karatasi. Ilikuwa siku ya tisa tangu Maduhu aondoke. Niliwasha mashine ya kuchapa, karatasi zikawa zinatoka, nami nazipanga, macho yanapita tu. Halafu yakasimama. Lori la jana. Karani kaandika saa tano, muhuri unasema saa nne. Nikatazama la leo asubuhi, nalo limepishana vilevile. Saa moja. Getini asubuhi alikuwa amewekwa mlinzi mmoja mzee kushikilia nafasi, ambaye kuandika namba ya lori tu kulimtoa jasho. Maduhu alikuwa Ivuna. Saa moja ilikuwa bado inapotea, kila lori, Maduhu akiwa hayupo.

Ningependa kuandika kwamba hapo nilijua. Hapana. Hapo nilianza kushuku wengine. Kwanza nilimshuku yule mlinzi mzee, nikaona haiwezekani. Nikafungua mistari ya jioni, ya Ambokile, nikakuta nayo iko vilevile, saa moja, saa moja, saa moja mpaka chini ya ukurasa, na kwa nusu saa nzima niliamini wote wawili walikuwa wamekula njama, na pengine Mama Chola alijua. Kisha nikamgeukia Rehema. Nikajiambia mpango wake wa nakala ndio unaharibu saa, na anajua, na amenyamaza kuokoa jina. Nikampigia simu kwa sauti ya mtu anayedai.

Rehema hakukasirika. Aliniambia turudi nyuma hatua kwa hatua. Tuliandika lori la uongo, namba ya kubuni, akaniambia nitazame ujumbe wenyewe unavyotoka kabla haujafika Dar. Muhuri ulikuwa tayari umeshapungua saa moja. Kwa hiyo Dar haikuharibu kitu, na njiani hakukuharibika kitu. Akaniuliza seva yetu imeambiwa iko nchi gani. Nikaangalia, ilikuwa imeambiwa Tanzania, sawasawa. Nikamsikia anakunywa chai. Akaniambia nitafute siku ya kwanza saa ilipoanza kupishana. Nilirudi nyuma kwenye nakala, wiki moja, mbili, tatu, na nikaipata. Kabla ya siku hiyo muhuri na saa ya karani vilienda pamoja bila tatizo. Siku hiyo kulikuwa na mistari mitano ya ajabu iliyogongwa muhuri wa mwanzo wa mwaka elfu mbili, kisha kuanzia wa sita, saa moja nyuma.

Siku hiyo naikumbuka. Umeme ulikatika tangu asubuhi na jenereta likagoma. Uliporudi, ile betri ndogo ndani ya seva inayotunza saa ilikuwa imekufa, seva ikaamka ikidhani ni mwaka elfu mbili. Nilinunua betri nyingine dukani, nikaiweka, nikapanga tarehe na saa kwa mkono wangu. Ingeweza kuuliza saa yenyewe mtandaoni, lakini hilo nilikuwa nimelizima ili kuokoa kifurushi. Rehema akaniuliza, na swali lenyewe aliliuliza kwa upole kabisa: "Dada Tupoki, ulipoipanga, ulitazama saa ipi?"

Nilitazama simu yangu. Simu ilikuwa pale ilipokaa siku zote, kwenye ukingo wa dirisha linalotazama mpakani, maana ndani ya kile chumba mtandao ulipatikana hapo tu. Hata siku hiyo ya kuulizwa ilikuwa hapo, nimeiweka kwa sauti kubwa. Niliitazama, ikasema saa tano na robo. Nikatoka nayo uwanjani, Rehema akiwa bado hewani, nikapita malori mawili, nikasimama karibu na geti nikatazama saa ya ukutani ya makarani. Saa sita na dakika kumi na saba. Nikaitazama simu tena, na wakati ninaitazama ikakamata mtandao wetu, ikaruka saa nzima mbele ya macho yangu. Rehema alikatwa papo hapo. Nilibaki nimesimama, dereva mmoja akanipigia honi nimpishe. Saa ya ukutani ya Maduhu ilikuwa ya kweli siku zote. Mashine ndiyo iliyokuwa inasema saa ya kule, na mimi ndiye niliyeifundisha.

Nilirudi chumbani nikafunga mlango. Kurekebisha saa ile kulikuwa ni kazi ya kubonyeza mara nne. Nani angejua? Bwana Shabani hakujua muhuri unatoka wapi, kwake mashine ilikuwa mashine. Nilifikiria kazi yangu, kodi ya chumba, jina langu, jinsi makarani watakavyonicheka. Nilifikiria pia, na hili liliniuma upande mwingine, kwamba kama saa ya karani ni ya kweli, lori lilitoka saa kumi na dakika kumi, na saa kumi na dakika kumi getini alikuwa mtu wa kwetu niliyekula naye samaki miezi minane. Nilikaa pale mpaka Mama Chola akaja kugonga kuuliza kama siji kula. Nikamwambia siumwi. Hakuwa ameniuliza kama naumwa.

Nilimweleza Bwana Shabani siku hiyohiyo, kabla ya saa kumi, kwa sababu nilijijua kwamba nikilala nalo sitalisema. Alinisikiliza akiwa amekunja leso. Hakufoka. Aliniuliza mara moja tu, "Na hizi karatasi mbili za mwanzo, ulitazama ya asubuhi peke yake?" Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini. Nikasema sijui, naye akanitazama muda mrefu, nikajua hajaniamini, na hakukosea. Akatoka kwenda getini kumsubiri Ambokile. Ambokile hakuja. Kwa Mama Chola walisema alikula mchana kama kawaida, akamtania mtu, kisha akavuka na begi dogo, akiaga kwamba anakwenda kuchukua sukari. Mpaka ninahama Tunduma alikuwa hajarudi na hiyo sukari. Nani alimpa habari sijui, pengine aliniona tu nimesimama uwanjani naitazama simu, akajua kuhesabu.

Mimi nilipewa barua ya onyo. Ya Maduhu ilikuwa ya kumsafisha na kumrudisha kazini, na Bwana Shabani akasema niipeleke mimi. Siku ya kumi na moja nikapanda gari la kwenda Ivuna. Ni kushuka, milima unaiacha nyuma, joto linakupanda miguuni, na watu wanapanda na magunia matupu ya kwenda kufuatia chumvi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipanga kueleza betri, dirisha, mtandao, nilikuwa na maelezo mazuri kabisa.

Nilimkuta anafunga miiba kwenye zizi. Mkewe alinipa kiti na kuniletea maziwa mgando kwenye kibuyu na ugali wa mtama, mtoto yuko mgongoni, akaingia ndani. Maduhu alinawa mikono, akaisoma barua amesimama, akaisoma tena. Nikaanza. Nilimweleza kila kitu, seva, muhuri, nakala ya Dar, simu yangu, mpaka mate yakakauka. Alinisikiliza vizuri, tena akauliza swali moja la maana kuhusu ile betri. Kisha akakaa chini mbele yangu.

"Lile lori," alisema, "dereva wake siku ile alifua mashati. Yule Mzambia wa kumwitikia kila mtu mukwai, mukwai. Aliyaanika kwenye kioo cha pembeni cha lori. Nilipokuwa nakabidhi zamu yalikuwa bado yanachuruzika maji. Watu wote wa yadi waliyaona. Wewe mwenyewe saa hiyohiyo ulipita chini yake ukainama."

Ni kweli niliinama. Nilikumbuka hapohapo, tone la maji shingoni.

"Siku kumi na moja, dada Tupoki," akasema. "Umeuliza mashine ya yadi, ukauliza ya Dar, umempigia mtu simu. Mimi nilikuwa mbele yako ofisini. Hukuniuliza."

Nikasema nisamehe, kaka. Akasema ameshasamehe, kwa namna ya mtu anayepokea pole ya msiba. Nilijua hiyo haikutosha, na sikujua kinachotosha ni nini, nikafanya jambo la kijinga ambalo lilikuwa ndilo pekee lililobaki. Nilimwuliza. Nikasema, kaka Maduhu, niambie siku ile ilikuwaje. Alitabasamu kidogo akatazama zizi, nikadhani atakataa. Halafu akaanza. Alianza na asubuhi alivyofungua geti, lori la kwanza lilikuwa la nani na lilibeba nini, la pili, la tatu, nani alikosa karatasi akarudishwa, nani alimwomba maji, Mama Chola alipita saa ngapi na ndoo. Alikuwa na siku nzima kichwani, lori baada ya lori, kwa mpangilio, na nadhani alikuwa ameirudia usiku na mchana kwa siku zote kumi na moja akimsubiri mtu wa kumwambia. Sikumkatiza. Mtoto aliamka, akalia, akanyamazishwa. Gari la kurudi Tunduma lilipita barabarani likapiga honi nikalisikia na sikuinuka. Alipofika saa kumi aliniambia jinsi alivyompa Ambokile ufunguo mkononi, kisha akaikunja ile barua ya kurudishwa kazini mara mbili, akaniwekea juu ya goti.

"Warudishie," alisema. "Waambie nimeiona."